The People's Friend, jarida la wiki la akina mama tangu 1869: historia yake, na namna ya kutumia nakala kuukuu zinazofika kwetu (uzi mrefu wa mazungumzo)

Karatasi_Kuukuu (Kisumu)

Wadau, kwenye marundo ya vitabu vya mitumba pale soko la Kibuye kuna jarida jembamba ambalo hujitokeza katikati ya vitabu vya shule na riwaya zilizochanika. Jalada lina mchoro wa rangi wa mlima, ziwa au kijiji cha nyumba za mawe. Ndani mna hadithi, mapishi na pateni za sweta. Muuzaji hulitoa kwa bei ya karatasi ya kufungia njugu. Ni The People's Friend, na linastahili uzi wake. Nianze na historia, kisha watu wa sindano na watu wa oveni waingie, maana najua wamo humu.

Toleo la kwanza lilitoka Dundee, Uskoti, tarehe 13 Januari 1869. Guinness World Records wanalitambua kuwa jarida la wiki la wanawake lililodumu kuliko yote duniani. Mwaka 2019 lilitimiza miaka 150 na bado linatoka.

Kwa nini Dundee na si London? Jibu liko kwenye gunia. Karne ya 19 mji ule uliishi kwa kusokota juti kutoka Bengal, ile ile ya magunia ya mahindi na kahawa. Nyuzi za juti ni ngumu, hukatika mashineni zikiwa kavu. Dundee ilikuwa na meli za kuvua nyangumi, na mafuta ya nyangumi yakichanganywa na maji yalizilainisha. Waliofanya kazi viwandani wengi walikuwa wanawake, kwa sababu wenye viwanda waliwalipa kidogo kuliko wanaume. Ujira ulikuwa haba, lakini ulikuwa wao, na ulifika kila wiki. Mji wenye maelfu ya wanawake walio na senti zao mfukoni kila Jumamosi ni soko la jarida la wiki, hata kabla jarida halijazaliwa.

Upande wa serikali nao uliachia kamba. Kodi ya matangazo ilifutwa 1853, stempu ya magazeti 1855, ushuru wa karatasi 1861. Kila kodi ilipoondoka, bei ya gazeti ilishuka, hadi mtu wa kiwandani akaweza kulinunua bila kunyima chungu. Kisha sheria ya elimu ya Uskoti ya 1872 ikawalazimu watoto wa miaka 5 hadi 13 kwenda shule, na wasomaji wakaongezeka mwaka hadi mwaka.

Aliyeliona hilo mapema ni John Leng, mhariri wa Dundee Advertiser tangu 1851. Mwaka 1858 alianzisha gazeti la People's Journal, na Friend likachipuka humo. Baadaye nyumba ya uchapishaji ya Leng iliingia mikononi mwa D.C. Thomson, kampuni iliyoundwa 1905, hao hao wa vibonzo vya The Dandy (1937) na The Beano (1938).

Ili watu wasichanganye: The Lady ni la 1885 na lilisimama 2025. My Weekly ni la 1910, nalo la Dundee. Woman's Weekly lilitoka 4 Novemba 1911 kwa peni moja, huko London. Woman's Own ni la 1932, Woman la 1937. Wote hao ni wadogo zake.

Bi_Maktaba (Kakamega)

Nakosoa kidogo, mzee. Halikuzaliwa likiwa la wanawake. Jina lenyewe lasema ni rafiki wa watu, si wa akina mama peke yao. Mwanzoni lilikuwa jarida la fasihi la nyumba nzima: hadithi, mashairi, makala. David Pae, aliyelihariri hadi alipofariki 1884, alikuwa mtunzi wa riwaya za magazetini. Wanawake ndio walioliteka polepole, kwa kulinunua na kuliandikia barua, na wahariri wakawafuata wasomaji wao. Mpangilio huo ni muhimu, kwa sababu unaeleza kwa nini hadi leo hadithi ndiyo mguu wake mkuu, wakati majarida mengine ya wanawake yaliipa mitindo na watu mashuhuri nafasi hiyo.

Nyota wa kwanza alikuwa Annie S. Swan (1859–1943). Riwaya yake Aldersyde ya 1883 ilimpa jina, na kwa miongo kadhaa hadithi zake za mfululizo ziliwafanya watu wasubiri siku ya jarida.

Kwa wanaoandika hadithi za mfululizo humu, tazameni jinsi sehemu moja inavyofanya kazi. Sehemu huwa na kazi tatu. Kwanza, inamkumbusha msomaji alipoachwa, kwa sentensi mbili tu, na ukumbusho huo unawekwa ndani ya kitendo, usiwe muhtasari. Pili, inasogeza jambo moja. Si matatu. Tatu, inakoma kabla ya jibu.

Hapo kwa tatu ndipo wengi wanapoharibu. Wanadhani lazima kila wiki mtu aning'inie kwenye jabali. Wiki ya nne msomaji amechoka, maana anajua hataanguka. Mtunzi mzoefu hukoma penye kitu kidogo: barua imekuja, mama mwenye nyumba ameisimamisha mezani ikiegemea bakuli la sukari, na kila aingiaye anautambua mwandiko wa bahasha. Hakuna anayeifungua. Mwisho wa sehemu. Msomaji atakaa nayo siku saba.

Kingine, jarida la wiki huandaliwa miezi mingi kabla. Hadithi ya Krismasi ikitumwa Novemba imechelewa mno. Itume katikati ya mwaka. Hadithi nzuri nyingi hukataliwa kwa sababu ya kalenda tu.

MpigaChapa (Webuye)

Niongeze la karatasi, maana bila karatasi historia hii ni hewa.

Kabla ya miaka ya 1860 karatasi nyingi ilitokana na vitambaa vikuukuu, ikawa ghali. Zikaja za nyasi na za mbao, bei ikaanguka. Lakini mbao ikisagwa tu bila kupikwa kwa kemikali, ile gundi asilia ya mti, lignini, hubaki ndani. Lignini ikikutana na mwanga na hewa hugeuka manjano, kisha kahawia, na asidi yake hukata nyuzi za karatasi. Ndiyo maana kurasa za miaka ya 1930 unazikunja pembe zinavunjika kama chapati iliyokauka, wakati kitabu cha 1790 bado kinakunjika. Wengi huona uzee ni wa jarida, kumbe ni wa mbao iliyosagwa. Watu wa Webuye tuliokaa karibu na kiwanda cha karatasi cha Panpaper hadi ilipofungwa 2009 tunajua harufu ya mbao inayopikwa. Inanuka, lakini karatasi iliyonuka hivyo ndiyo inayodumu.

Woman lilipotoka 1937 lilichapwa kwa rangi kule Watford kwa mtambo wa silinda zilizochimbwa vitundu. Kina cha kitundu ndicho kiasi cha wino, kwa hiyo picha hutoka laini kama ya kamera hata kwenye karatasi ya bei ndogo. Mtambo huo ni ghali sana kuuandaa, unalipa tu ukichapa nakala nyingi mno. Woman lilifika zaidi ya milioni 3 kwa wiki mwishoni mwa miaka ya 1950, ndipo ukalipa. Dundee hawakukimbilia mbio hizo. Kwa maoni yangu hapo ndipo walipopona: gharama zao hazikuwahi kuwa za kuhitaji wasomaji milioni tatu, kwa hiyo walipopungua hawakuanguka.

Lile jina J. Campbell Kerr kwenye michoro ya majalada pia msilitafute makaburini. Si mtu mmoja. Ni jina la kazi walilotumia wachoraji kadhaa wa jarida, ili jalada lionekane la mkono mmoja miaka yote.

Mgeni_Bungoma

Habari zenu. Nina majarida kumi na mawili ya aina hii, baadhi hayana jalada wala ukurasa wa kwanza. Nitajuaje ni ya mwaka gani?

Karatasi_Kuukuu (Kisumu)

Karibu, ndugu. Usianze na hadithi, anza na vitu vya biashara.

Bei: Uingereza ilibadili pesa tarehe 15 Februari 1971. Kabla ya hapo peni iliandikwa kwa herufi d, na shilingi moja ilikuwa peni 12. Ukiona bei ya d popote, hata kwenye tangazo la sabuni, nakala ni ya kabla ya siku hiyo. Ukiona p, ni ya baada. Ukiona zote mbili pamoja, uko kwenye miezi ya mpito.

Msimbo wa mistari wa kupitisha dukani: ni wa miaka ya 1980 kuja huku. Nambari ya ISSN (ya kutambulisha majarida): miaka ya 1970 na kuendelea.

Vita: vyakula vilianza kugawiwa kwa kipimo Januari 1940, na mgao ukaisha kabisa 1954. Nguo zilihitaji kuponi kuanzia Juni 1941 hadi Machi 1949. Sufu ya kufumia ilitangazwa 1941 kwa kuponi moja kila wakia mbili. Pateni inayotaja kuponi ina kipindi chake tayari. Kurasa nazo zitakuwa chache na maandishi madogo, kwa sababu karatasi yenyewe ilikuwa ya mgao.

Vipimo: sindano zikitajwa kwa namba tupu na sufu kwa wakia, ni kabla ya katikati ya miaka ya 1970. Zikitajwa kwa milimita na gramu, ni baada. Vikiwa bega kwa bega, ni hapo katikati.

Usitegemee mitindo ya nywele. Wachoraji wa hadithi walikuwa wakirudia michoro ya zamani, na mwanamke wa kwenye mchoro anaweza kuwa na nywele za miaka mitano nyuma.

FundiSindano (Kakamega)

Afadhali umefika kwenye sindano, maana pateni hizi ndizo zinazowatoa watu machozi, na kosa ni moja tu.

Namba za zamani za Kiingereza zinaenda kinyume. Namba kubwa ni sindano nyembamba. Namba 14 ni milimita 2. Namba 12 ni 2.75. Namba 11 ni 3. Namba 10 ni 3.25. Namba 9 ni 3.75. Namba 8 ni 4. Namba 7 ni 4.5. Namba 6 ni 5. Namba 4 ni 6. Namba 1 ni 7.5.

Mtu anasoma "No. 8", anaenda dukani anachukua sindano ya milimita 8, sweta ya mtoto inatoka kama neti ya samaki. Mwingine anachukua yenye chapa ya Marekani namba 8, ambayo ni milimita 5. Hiyo ni hatari zaidi, maana tofauti haionekani mapema. Inaonekana ukishamaliza mgongo.

Kwa hiyo kipande cha majaribio hakikwepeki. Fuma mraba wa sentimita 15, uulaze bila kuuvuta, hesabu stichi za katikati kwa sentimita 10. Uzi wa DK (double knitting, unene wa kati) kwa sindano ya milimita 4 kwa kawaida hutoa stichi 22 na safu 28 hadi 30. Uzi wa nyuzi nne kwa 3.25 hutoa stichi 28 na safu 36. Sasa hesabu madhara: sweta ya kifua cha sentimita 100 ina stichi 220. Mkono wako ukilegea ukapata stichi 20 badala ya 22, stichi zile zile 220 zitapima sentimita 110. Stichi mbili tu, na sweta ni ya mtu mwingine. Ukipata chache, shuka sindano nyembamba zaidi. Ukipata nyingi, panda. Usijaribu kukaza mkono, utasahau ukifika kwapani.

Kiasi cha uzi: wakia moja ni gramu 28.35. Pateni ya wakia 12 ni gramu 340, yaani mipira saba ya gramu 50. Ukitumia akriliki kama zile zinazotengenezwa Eldoret, utabaki na uzi, kwa sababu akriliki ni nyepesi kuliko sufu na gramu zile zile hutoa mita nyingi zaidi.

Akriliki ina shida yake. Pateni za zamani humalizia kwa kusema piga pasi juu ya kitambaa kibichi. Maelezo hayo ni ya sufu. Akriliki ikikutana na pasi ya moto hulegea moja kwa moja, rib (ule ukingo unaovutika) ya kiuno na ya mikono inakufa na hairudi hata ukifua mara kumi. Ilowanishe, ikamue kwa taulo, ilaze kwa vipimo vyake ikauke kivulini. Basi.

Vifupisho: "k" (knit) ni stichi ya kawaida, "p" (purl) ya kugeuza. "k2tog" ni kufuma mbili pamoja, na inaegemea kulia. "psso" ni kupitisha ile uliyoihamisha juu ya uliyofuma, na inaegemea kushoto. Ukizichanganya kwenye shingo ya V, upande mmoja utakuwa na mstari safi na mwingine meno ya msumeno.

Krosheti_tu

Mama Fundi, na vitambaa vya meza? Nimefuata neno kwa neno lakini duara linajikunja kama uyoga.

FundiSindano (Kakamega)

Dada, yaelekea umejifunza krosheti kwa video za Marekani. Majina yamepishana ngazi moja. Stichi fupi Waingereza wanaiita double crochet, Wamarekani single crochet. Inayofuata kwa urefu Waingereza wanaiita treble, Wamarekani double crochet. Jarida la Dundee likisema double crochet linataka ile fupi.

Kujikunja kama uyoga maana yake mzunguko umekuwa mrefu na stichi hazitoshi kuujaza. Ukiweka ndefu mahali pa fupi, duara linakua haraka kuliko mdomo wake. Ingekuwa kinyume, mdomo ungefanya mawimbi kama majani ya kabeji. Fumua hadi mwanzo, anza upya na fupi.

OveniNakuru

Mapishi sasa. Jarida la Dundee limeandikwa na watu wa usawa wa bahari. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu. Tofauti hiyo jarida haliwezi kukwambia.

Kwanza vipimo. Wakia 8 ni gramu 227. Painti ya Kiingereza ni mililita 568, ya Marekani 473, usizichanganye. Namba za gesi za oveni ya Kiingereza: 1 ni nyuzi 140 za Selsiasi, 2 ni 150, 4 ni 180, 5 ni 190, 6 ni 200, 7 ni 220. "Self-raising" ni unga uliokwisha kutiwa beking pauda. Ukiwa na unga wa kawaida, gramu 150 kwa vijiko viwili vidogo vya beking pauda, chekecha pamoja mara mbili.

Ukifanya hivyo Nakuru bila kupunguza kitu, keki itapanda haraka, itakuchekea kioo cha oveni, kisha itatumbukia katikati. Sababu ni kwamba hewa ya juu inasukuma kidogo, gesi ya pauda inapanuka zaidi, na kuta za keki hazijaiva za kutosha kuibeba. Punguza pauda robo: vijiko viwili viwe kimoja na nusu. Ongeza vijiko vikubwa viwili vya maziwa, kwa kuwa maji yanakauka upesi. Pandisha moto nyuzi 10 ili kuta zikaze mapema. Na usifungue mlango kabla robo tatu ya muda haijapita. Kwa wa Kisumu, mita 1,131, punguza kidogo tu, na mara nyingi haina haja.

Dundee wanasifika kwa jamu ya machungwa tangu kampuni ya Keiller ya 1797, kwa hiyo mapishi yake hayakosekani humo. Yanasema chemsha hadi nyuzi 220 za Farenhaiti, yaani 104.5 za Selsiasi. Usifanye hivyo Nakuru! Jamu huganda ikiwa imepita kiwango cha maji kuchemka kwa nyuzi 4 na nusu hivi. Usawa wa bahari maji huchemka kwa 100, hivyo 104.5. Nakuru maji huchemka kwa 94 hivi, jamu iko tayari kwa 98.5. Ukisubiri 104.5 umepika gundi, na rangi imeshakuwa ya chai ya rangi. Kisumu maji huchemka karibu 96, lenga 100.5.

Pima maji yako mwenyewe kwanza kwa kipimajoto hicho hicho. Kipimajoto kibovu kitakudanganya sawasawa pande zote mbili, kwa hiyo tofauti itabaki sahihi.

Huna kipimajoto? Weka kisahani kwenye friza kabla hujaanza. Dondosha jamu, subiri dakika moja, isukume kwa kidole. Ikifanya mikunjo, epua. Ikikimbia kama maji, endelea dakika tatu ujaribu tena, na kila unapojaribu toa sufuria motoni, la sivyo inaiva huku wewe unatazama kisahani.

Karatasi_Kuukuu (Kisumu)

Oveni umemaliza kazi. Nirudi kwenye kutunza, maana unyevu wa ziwa hauna huruma.

Adui wa kwanza ni pini za stepla. Zinashika kutu, kutu inakula karatasi, ukurasa wa katikati unang'oka na ndio wenye pateni. Zitoe hivi: fungua jarida katikati, nyanyua miguu ya pini kwa kisu butu hadi isimame wima, geuza, zivute kutoka mgongoni. Usizing'oe kwa kucha. Kisha shona kwa uzi wa pamba kupitia matundu matatu: mawili ya pini na moja jipya katikati. Ingia katikati kutoka ndani, toka nje, rudi ndani kwa tundu la juu, ruka hadi la chini utoke nje, rudi ndani kwa la katikati. Funga ncha mbili juu ya ule uzi mrefu wa ndani ili fundo lisiteleze.

Usitumie selotepu. Miaka michache tu gundi yake inageuka kahawia, inapenya karatasi hadi ukurasa wa tatu, na haitoki. Laminesheni nayo ni kuzika jarida likiwa hai: asidi inabaki ndani na karatasi.

Rafu iwe sentimita 15 kutoka chini kwa ajili ya mchwa, na 5 kutoka ukutani hewa ipite. Vile vijidudu vya rangi ya fedha vinavyokimbia ukifungua boksi hula wanga na gundi, kwa hiyo usitengeneze mgongo kwa uji wa unga wa ngano. Nakala zikishaingiliwa, zifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa, friza nyuzi 18 chini ya sufuri kwa wiki mbili, kisha ziache zifike joto la chumba zikiwa bado zimefungwa. Ukifungua mapema zitalowa.

Zikilowa kwa mvua, una saa 48 kabla ya ukungu. Weka karatasi nyeupe kati ya kurasa, badilisha kila baada ya saa chache, washa feni, usianike juani. Majarida ya karatasi ya kung'aa yatenganishe kabla hayajakauka. Yakikauka yameshikana, hapo umebaki na tofali.

Bi_Maktaba (Kakamega)

Kuna aliyeniuliza inbox kwa nini sisi hatukupata letu la kila wiki. Tulikuwa na Viva, Nairobi, kuanzia 1974, na Parents lililoanza 1986, yote ya kila mwezi. Kazi ya wiki huku ilibebwa na kurasa za magazeti ya kila siku. Anayesoma Shangazi Akujibu ndani ya Taifa Leo anasoma ukurasa ule ule ambao Waingereza waliuwekea jarida zima. Kulisha jarida kila siku saba kunataka usambazaji usiolala na msomaji asiyekosa. Hata Australian Women's Weekly, la 1933, lilihamia kila mwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980 na bado linajiita la wiki. La New Zealand, la Desemba 1932, lilifungwa Aprili 2020 na kufufuliwa mwaka huo huo.

Mgeni_Bungoma

Asanteni. Nimepata kumi na moja kwa bei na vipimo. Moja limegoma, hata jina limechanika. Lina pateni ya fulana ya mwanamume, sufu wakia 10, kuponi 5. Chini ya ukurasa pameandikwa Jumamosi, Machi 13, mwaka umekatika.

Karatasi_Kuukuu (Kisumu)

Hilo ni jepesi kuliko unavyodhani. Wakia 10 kwa kuponi 5 ni wakia mbili kwa kuponi, kwa hiyo uko kati ya Juni 1941 na Machi 1949. Katika miaka hiyo Machi 13 iliangukia Jumamosi mara mbili tu: 1943 na 1948. Pitia matangazo. Ukiona mapazia meusi ya kuziba taa dirishani, au sabuni inayowaombea wanajeshi, ni 1943. Taa za Uingereza ziliachiwa kabisa 1945.

Mgeni_Bungoma

Ukurasa wa 9 pembeni kuna tangazo la kitambaa cheusi cha dirisha. Kinauzwa kwa yadi.